Petroli Inapovuja Kwenye Kabureta: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua Mpya

Miongoni mwa malalamiko tunayoletewa na wamiliki na madereva wa pikipiki, lipo moja ambalo hubadilika jina la mlalamikaji na mtaa atokako, lakini kisa chake ni kilekile. Dereva wa bodaboda huamka alfajiri, akaona doa la unyevu sakafuni chini ya injini na kunusa harufu ya petroli. Fundi huitazama pikipiki kwa dakika mbili, kisha hutamka kwamba kabureta imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Dereva hukopa, hununua, hufungiwa, hulipa ufundi, na kuiacha ile ya zamani gereji kama chuma chakavu.

Katika kisa kimoja cha namna hiyo, kabureta mpya ilianza kudondosha petroli siku ya sita. Mwenye duka alikataa kuipokea kwa hoja kwamba kifaa kilichokwisha kufungwa hakirudishwi. Ilipofunguliwa, chini ya kikombe chake mlikuwa na vumbi jekundu la kutu. Kutu hiyo haikutoka kwenye kabureta; ilishuka kutoka katika tangi la pikipiki, nalo tangi halikuwa limeguswa na mtu. Yaelekea basi kwamba kabureta ya kwanza haikuwa na kosa lolote ila chembe moja ya kutu, na ile ya pili ilinunuliwa ili ipatwe na maradhi yaleyale.

Tumeandika maelezo haya ili mtumiaji aweze kutambua petroli inatoka wapi kabla hajatoa fedha. Uvujaji mdogo wa kabureta, mara nyingi sana, hutokana na uchafu, gasketi iliyochakaa, skrubu iliyolegea au mpira uliopasuka. Hayo yote ni marekebisho madogo. Yapo pia matatizo ambayo mtumiaji hapaswi kuyagusa mwenyewe, nayo tutayataja mahali pake.

Maelezo haya yanahusu pikipiki zenye kabureta tu. Baadhi ya pikipiki mpya hutumia mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa pampu na umeme. Katika hizo petroli husukumwa kwa nguvu kubwa, na mtu akifungua mpira pasipo ujuzi inaweza kumrukia usoni. Zikivuja, zimwe na zipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi wa mfumo huo.

Kabureta hujuaje kwamba imeshiba

Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake yenyewe, hupita katika koki na mpira wa mafuta, kisha huingia katika kikombe kidogo kilichofungwa chini ya kabureta. Injini hunywa kutoka katika kikombe hicho. Kwa kuwa tangi liko juu na kikombe kiko chini, petroli ingeendelea kushuka hadi tangi likauke, kama pasingekuwa na kitu cha kuizuia.

Kinachoizuia ni boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Boya huelea juu ya petroli iliyomo kikombeni. Petroli inapopanda, boya hupanda nalo, na ulimi wake mdogo huisukuma sindano fupi iingie katika tundu la kupitishia mafuta. Kikombe kikijaa kwa kiwango kinachotakiwa, tundu huzibwa. Injini ikinywa kidogo, boya hushuka, sindano huachia, petroli huingia tena. Aliyewahi kufungua tangi la maji la choo cha kuvuta ameliona jambo hilihili likitendeka kwa umbo kubwa.

Ncha ya sindano katika kabureta nyingi ina mpira laini unaostahimili petroli. Chembe ya kutu iliyo ndogo kuliko punje ya chumvi, ikinasa kati ya ncha hiyo na tundu, yatosha kuacha mwanya. Petroli huendelea kuingia ilhali kikombe kimejaa. Hapo hutafuta njia ya kutokea. Kabureta nyingi zina mrija wa kufurikia ndani ya kikombe, unaomwaga ziada chini kupitia kimpira kilichoelekezwa ardhini. Unyevu unaoonekana kwenye kimpira hicho si kosa la kimpira; kimefanya kazi kiliyowekewa. Kosa liko juu yake.

Si kila petroli inayotoka hapo ni dalili ya ubovu. Pikipiki iliyoanguka au iliyolazwa upande itamwaga kiasi kidogo kwa sababu boya limeinama pamoja na kabureta. Ikisimamishwa wima na umwagikaji ukakoma, hapana cha kurekebisha.

Lakini kabureta isiyo na mrija wa kufurikia, au ambayo mrija wake umeziba, huipeleka ziada hiyo ndani: kwenye boksi la filta ya hewa, au katika silinda, na kutoka humo hupenya hadi kwenye oili ya injini. Hapa ndipo uvujaji wa shilingi chache huzaa hasara kubwa. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, haishiki chuma, na injini husagika huku dereva akidhani kwamba tatizo lake ni harufu tu. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha pikipiki iliyovuja usiku kucha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kiwango kikiwa kimepanda kuliko kilivyokuwa jana, au oili ikinuka petroli, usiwashe. Oili imwagwe na kuwekwa nyingine baada ya uvujaji kuzibwa. Si kabla, maana hiyo mpya nayo itaharibika.

Habari ya moto

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sifuri. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mvuke huo haukatiki kamwe. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi darini na kutoka dirishani. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hutulia kwenye pembe na mabonde ya chumba.

Tunalitaja hili kwa sababu tunajua pikipiki nyingi hulala wapi. Kwa kuhofia wezi, mwenye nyumba ya vyumba viwili huiingiza pikipiki sebuleni, na watoto hulala chumba cha pili. Alfajiri mtu huwasha jiko la mkaa, la gesi au kibatari umbali wa hatua tatu kutoka kwenye kabureta inayodondosha. Mkasa wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019, uliochukua maisha ya watu zaidi ya mia moja, ulitokana na lori la mafuta lililopinduka. Lakini mvuke wa lori na mvuke wa kabureta ni mvuke mmoja, na chumba kidogo hakihitaji petroli nyingi.

Basi pikipiki inayovuja isilale ndani hata usiku mmoja, na kama hapana budi, tangi limwagwe kwanza. Koki ifungwe kila pikipiki inapoegeshwa, hata iliyo nzima. Madereva wengi hawajawahi kuigusa koki yao tangu waliponunua chombo, ila pale wanapotafuta akiba njiani. Nasi tumekuta koki zilizoganda kabisa kwa sababu hiyo. Zipo pikipiki chache ambazo koki yake hujifunga yenyewe injini inapozimwa, na hizo hazina alama ya kufunga.

Kazi yoyote tunayoieleza hapa ifanyike nje, mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa kabisa. Bomba la moshi huendelea kuwa na joto la hatari muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Pasiwe na sigara, jiko wala taa ya moto. Tumia mwanga wa mchana. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, maana maji huusambaza moto wa petroli badala ya kuuzima. Moto ukishinda mchanga, ondokeni na mpige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa walio Tanzania.

Kutafuta mahali panapovuja

Kosa la kwanza la mafundi wenye haraka ni kuona kabureta imelowa na kuihukumu. Petroli hutiririka. Tone lililoanzia juu kwenye koki litafuata mpira, litazunguka kabureta na kudondokea chini ya kikombe, nalo litafanana kabisa na tone lililozaliwa hapo.

Funga koki. Futa kila kitu kwa kitambaa kikavu: koki, mpira, mwili wa kabureta, kikombe na kimpira cha kufurikia. Subiri pakauke, petroli hukauka upesi. Kisha fungua koki na utazame, injini ikiwa imezimwa. Kipande cha karatasi laini nyeupe, kikigusishwa mahali pamoja baada ya pengine kuanzia juu kwenda chini, hulowa mara moja kinapokuta unyevu, na huonyesha kile ambacho jicho halikioni. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo uvujaji ulipoanzia.

Unyevu ukianzia kwenye mpira wa mafuta, jambo ni jepesi. Mpira wa zamani hukakamaa na kupasuka mwishoni, pale unapobanwa na klipu. Ukiwa mrefu vya kutosha, kata sehemu iliyopasuka na uurudishe. Ukiwa mfupi au umekakamaa wote, nunua mwingine uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa maji wa plastiki angavu, unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hugeuka mgumu na wa njano kwa muda mfupi, kisha huchomoka.

Ukianzia kwenye koki yenyewe, huenda skrubu zake zimelegea au raba zake za ndani zimekwisha. Koki hubadilishwa peke yake. Haihusiani na kabureta.

Ukianzia kwenye ungio la kikombe na mwili wa kabureta, kwanza jaribu kukaza skrubu za kikombe kwa zamu, kidogo kidogo, kwa bisibisi ya nyota inayoingia vema. Bisibisi ndogo kuliko kichwa cha skrubu hukitafuna kichwa hicho, na hapo kazi ya dakika tano huwa ya nusu siku. Wala usikaze kwa nguvu zote: mwili wa kabureta ni wa madini laini, na uzi wake hung'oka. Kama kukaza hakukusaidia, gasketi au oringi ya kikombe imechoka.

Pale chini kabisa pa kikombe pana skrubu moja ya kumwagia. Nayo ina oringi yake ndogo, au hutegemea ncha yake iliyochongoka. Mara nyingi huachwa nusu kukazwa baada ya kabureta kusafishwa. Tumeona pikipiki ikitembea miezi miwili na ndoano ya waya na kopo chini yake, ilhali dawa yake ilikuwa robo mzunguko wa bisibisi.

Na kama kila kitu ni kikavu isipokuwa mdomo wa kimpira cha kufurikia, basi kikombe kinajaa kupita kiasi. Sasa chunguza boya na sindano.

Hapo ni vizuri pia kupima hasara yenyewe, kwa sababu watu wawili wakibishana juu ya tone, kipimo huwapatanisha. Kinga kimpira cha kufurikia kwa chupa kwa dakika 10, koki ikiwa wazi, kisha pima kwa bomba la sindano la hospitali lisilo na sindano. Ikiwa zimepatikana mililita 10, hizo ni mililita 60 kwa saa. Pikipiki iliyoachwa koki wazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri itakuwa imepoteza mililita 540, yaani zaidi ya nusu lita. Zidisha kwa bei ya mwezi huo. Tanzania bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Twasisitiza hesabu hii kwa sababu ya madereva wasiomiliki vyombo wanavyoviendesha. Petroli hununuliwa na dereva, na jioni hesabu ya mwenye pikipiki hupelekwa kamili. Kabureta ni mali ya mwenye pikipiki. Hivyo anayepata hasara siye mwenye kifaa, na mwenye kifaa haoni hasara. Uvujaji hukaa wiki nyingi katikati ya watu hao wawili. Chupa yenye alama na bei ya lita vikiwekwa mezani, mazungumzo huwa mafupi.

Kusafisha

Anza na njia isiyohitaji kufungua kitu. Koki ikiwa wazi, gonga ubavu wa kikombe taratibu kwa mpini wa mbao au wa plastiki wa bisibisi, mara tano au sita. Sindano iliyokwama huweza kuachia na kukaa sawa. Kisha funga koki, weka chupa ya kioo chini ya kikombe, legeza skrubu ya kumwagia na uache petroli yote ishuke. Skrubu ikiwa bado imelegea, fungua koki kwa sekunde chache tu ili petroli mpya ipite kwa kasi na kuzoa uchafu, kisha funga koki na kaza skrubu. Kwa pikipiki nyingi zenye chembe moja ya uchafu, kazi huishia hapo.

Usiimwage petroli hiyo kabla ya kuitazama. Iache chupa itulie kwa dakika kadhaa. Maji hukaa chini ya petroli yakiwa kama shanga au tabaka linaloonekana wazi. Kutu hutulia chini ikiwa vumbi jekundu au la kahawia. Mchanga hujulikana wenyewe. Maji na mchanga hutokana zaidi na petroli iliyonunuliwa kwa chupa na madumu kando ya barabara, au mfuniko wa tangi usioziba mvua. Kutu hutoka ndani ya tangi. Chochote kati ya hivi kikionekana, kabureta mpya haitakuwa dawa hata ingekuwa ya dhahabu. Tangi lisafishwe, chujio la ndani ya koki likaguliwe, na filta ndogo ya petroli iwekwe katika mpira wa mafuta, mshale wake ukielekea kwenye kabureta. Filta hiyo ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa katika duka la vipuri, nasi hushangaa kuiona haipo katika pikipiki inayotafuta riziki kila siku.

Uvujaji ukiendelea, kikombe kifunguliwe. Mtumiaji aliyezoea kushika spana anaweza kuifanya kazi hii. Asiyezoea ampe fundi, lakini asimame aone. Funga koki, mwaga kikombe, kisha toa kabureta kwa kulegeza bolti au klipu zinazoishikilia kwenye injini na kwenye filta ya hewa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa kila mpira. Tandika kitambaa cheupe chini: vijiti na skrubu za kabureta zina tabia ya kuchagua mchanga.

Kikombe kikitoka, utaona boya limeshikwa na kijiti chembamba. Kisukume kwa ncha butu, taratibu, kwa sababu nguzo zinazokishikilia huvunjika kwa urahisi, na zikivunjika, hapo kweli kabureta imekufa. Litikise boya karibu na sikio. Likisikika petroli ndani, limetoboka na halielei inavyopaswa, libadilishwe. Itazame ncha ya sindano kwenye mwanga. Inatakiwa iwe laini pande zote. Ikiwa na mfereji wa mviringo uliokatwa na ukingo wa tundu, imechakaa, na kuisafisha hakutaifufua. Tundu lenyewe lisafishwe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa petroli safi. Msumari, waya na msasa visikaribie. Mkwaruzo usioonekana kwa macho ni njia ya kudumu ya petroli, na jeti iliyochokonolewa kwa waya hupanuka, ikawa pikipiki haivuji tena lakini inakunywa kuliko zamani.

Kabla ya kurudisha, lipo jaribio rahisi. Boya na sindano vikiwa mahali pake, igeuze kabureta juu chini ili uzito wa boya uifunge sindano. Chomeka mpira mpya, mkavu na safi kwenye njia ya kuingizia mafuta, kisha puliza polepole. Hewa isipite. Ikipita, usirudishe kabureta kwenye pikipiki kwa matumaini. Na hapa tuseme wazi: kupuliza kwa mpira safi ni jambo moja, kunyonya petroli kwa mdomo ni jingine. Petroli ikiingia mapafuni hujeruhi vibaya, na mtu aliyeimeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali.

Urefu wa boya umewekwa kiwandani, na kila aina ya kabureta ina kipimo chake. Boya la plastiki lisilo na ulimi wa chuma halirekebishwi. Lenye ulimi huweza kupindwa kwa kiasi cha unywele, nayo ni kazi ya fundi mwenye kipimo mkononi. Skrubu za kurekebisha hewa na mngurumo wa injini nazo ziachwe zilivyo. Hazihusiki na uvujaji, ingawa wapo wanaozizungusha kila wanapoiona kabureta, kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa jino kwa kumshika goti.

Gasketi ya zamani iliyonyooka na isiyo na ufa yaweza kurudishwa. Iliyovimba au kukatika ibadilishwe. Usipake gundi ya silikoni badala yake. Petroli huilainisha, vipande vyake humeguka na kwenda kuziba jeti. Ule ujanja wa kipande cha sabuni, ambao umewafikisha wengi nyumbani wakiwa na ufa mwembamba wa tangi, ni wa kuvuka safari tu, wala haufai kwenye kabureta.

Ukishafunga, fungua koki pikipiki ikiwa imezimwa, weka karatasi nyeupe kavu chini, na subiri dakika 10. Karatasi ikibaki kavu, washa injini, iache ingurume dakika chache, kisha tazama tena. Petroli chafu iliyokingwa isimwagwe mtaroni wala kuwashiwa jiko. Ihifadhiwe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu.

Kwa fundi na dukani

Kuna kabureta zinazostahili kubadilishwa: iliyovunjika nguzo za boya, iliyong'oka uzi, iliyopasuka mwili, au ambayo mrija wake wa kufurikia umepata ufa ndani ya kikombe na kikombe hakipatikani peke yake. Fundi akisema moja ya haya, mwombe akuonyeshe kwa kidole. Fundi mwaminifu hachukizwi na ombi hilo, nao ni wengi. Neno "imekufa" pekee, lisiloambatana na kifaa kilichofunguliwa, si utambuzi wa tatizo.

Ulizia kwanza sehemu moja moja. Sindano, gasketi, oringi na boya huuzwa, na mara nyingi hupatikana pamoja katika pakiti moja ya kurekebishia kabureta. Beba sehemu ya zamani uilinganishe na mpya kaunta, urefu kwa urefu. Sindano iliyozidi kidogo tu hubadilisha kiwango cha petroli kikombeni. Omba bei katika maduka matatu. Kabureta ya jina maarufu inayouzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya kawaida, maandishi yake yakiwa yamefifia au jina likiwa limepotoshwa herufi moja, yafaa kushukiwa kuwa ya bandia. Kifaa chochote kilichobadilishwa ni mali ya mwenye pikipiki. Kidai, hata kama huna matumizi nacho.

Risiti idaiwe siku ya kununua, ikiandikwa aina ya kifaa na si "spea" tu, na makubaliano ya kurudisha yatajwe kabla ya kufungwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya bidhaa au huduma anayomuuzia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Zote mbili husimamiwa na Tume ya Ushindani. Tangazo la dukani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi haliwezi kumpa mwenye duka haki ya kuuza kitu kibovu.

Anayeleta lalamiko aje na risiti, kifaa cha zamani na kipya, na picha za kikombe kikiwa wazi, hasa zinazoonyesha kilichotulia chini yake. Picha ya chupa yatosha. Petroli yenyewe tafadhali msituletee ofisini.